Waliokuja Kumlilia Mama Sally

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jepkemei alisuuza mitungi miwili ya maziwa kwa maji moto, akaifuta kwa kitambaa safi, kisha akamfuata mama yake hadi kibandani. Kibanda chao kilikuwa karibu na stendi ya Gilgil. Mama yake, Sally, aliuza maziwa hapo tangu Jepkemei akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wateja wake walikuwa walimu, makanga, wake za wanajeshi wa kambini na madereva waliosimama kidogo kabla ya kuendelea na safari ya Nairobi. Wote walijua jambo moja, kwamba maziwa ya Sally hayajui maji. Wachuuzi wengine walipima kikombe kikaishia shingoni. Yeye alipima mpaka kikafurika.

Jepkemei alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kushika simu. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani ya mama, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Binamu yake Kigen, aliyesoma chuo mjini Nakuru, ndiye aliyemfungulia akaunti ya mtandao wa kijamii. Mtandao ule haukukubali watoto wa umri wake, basi Kigen akamwongezea miaka mitano kwa kugusa skrini tu.

"Sasa wewe ni mtu mzima," akamwambia.

Wote wawili walicheka. Mama Sally hakuambiwa.

Kigen mwenyewe alikuwa na ukurasa ulioitwa Maisha ya Bonde. Huko aliweka picha za ng'ombe wakivuka barabara, viazi vikipakiwa kwenye malori, na mvua ikinyesha upande mmoja wa ziwa huku upande wa pili jua likiwaka. Maelfu ya watu waliufuata. Mwezi wa Desemba, walipokwenda Sachangwan kumtembelea Kogo, nyanya yao, Kigen alimpiga Jepkemei picha jikoni. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulijaa tele. Kwa sababu ya baridi Jepkemei alikuwa amevaa sweta kuukuu ya Kogo yenye matundu viwikoni. Machozi yalimtiririka huku akicheka. Kigen alisubiri kicheko kiishe, ndipo akapiga.

"Utaiweka wapi hiyo?" Jepkemei aliuliza.

"Kwa peji yangu tu. Paswadi ninayo mimi peke yangu. Kwani huniamini?"

Alimwamini kabisa. Kwake, Kigen hakuwa binamu bali kaka. Laini zake za simu zilibadilika kila mara, lakini ukimwandikia kupitia ule ukurasa, alijibu kabla hujameza mate. Ndiyo maana Jepkemei alizoea kumwandikia huko mambo yake yote, ya shule na ya nyumbani.

Siku moja katika muhula wa pili, Mama Sally alishikwa na maumivu makali ya tumbo akiwa kibandani. Alikimbizwa hospitalini Nakuru, na madaktari wakasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe. Baba, mzee Bethwel, aliyefanya kazi katika shamba moja huko Ndabibi, alikwenda moja kwa moja hospitalini kumwangalia. Jepkemei aliachwa kwa jirani yao, Mama Kinsi, ambaye binti yake Kinsi alikuwa rafiki yake wa darasa moja.

Mama Kinsi alimpikia vizuri na kumwambia asiogope. Jepkemei aliitikia kwa mdomo tu. Alasiri ile aliketi kwenye kitanda cha Kinsi, akafungua ukurasa wa Maisha ya Bonde, akaandika: "Kigen, mama amelazwa. Atapasuliwa. Naogopa atakufa."

Jibu lilikuja upesi. "Pole sana, dada. Mungu yupo. Yuko hospitali gani?"

Akaandika jina la hospitali.

"Jina lake kamili kwa kitambulisho ni nani?"

Jepkemei alishangaa kidogo, lakini akajiambia kuwa labda Kigen anataka kwenda kumwona mama, na mlangoni huulizwa jina kamili. Akaliandika. Maswali yakaendelea. Baba yuko wapi? Mama anafanya biashara gani? Mnaabudu kanisa lipi? Kila jibu lilifuatwa na pole nyingine, na kila pole ilimpunguzia mzigo moyoni, akasahau kujiuliza sababu ya maswali yenyewe. Jioni ile alikula vizuri.

Upasuaji ulikwenda salama. Ijumaa Mama Sally alirudi nyumbani, akitembea polepole na mkono ubavuni, na baba akarudi Ndabibi kazini. Jepkemei alifurahi hata akafua mapazia ambayo hakuna aliyemwomba ayafue.

Jumapili, Mama Sally hakuweza kwenda kanisani. Jepkemei alikuwa nje akimenya viazi aliposikia wimbo wa huzuni ukipanda kutoka barabarani. Akainua macho, akaona kundi la akina mama wa kanisa wakija taratibu, vitambaa kichwani, wamebeba pakiti za sukari, unga, majani ya chai na mzigo wa kuni. Mbele yao alikuwa Mama Sitati, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kupanga watu. Leo sauti hiyo ilikuwa imekatika. Alimkumbatia Jepkemei, akalia begani mwake.

"Pole, mtoto wangu. Pole sana. Hatutakuacha."

Jepkemei alidhani wanampa pole ya upasuaji, ingawa kulia kule kulizidi kipimo. Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Mama Sally akatokea, leso kiunoni.

"Karibuni," alisema. "Mbona mnalia? Nani amekufa?"

Pakiti ya unga ilianguka ikapasuka. Mama mmoja alikuwa tayari amefika kwenye lango, akikimbia. Wengine walisimama vinywa wazi, na wimbo ukafa hapo hapo.

"Wewe," Mama Sitati alisema hatimaye. "Wewe ndiye umekufa."

Msomaji asiwacheke sana akina mama hawa. Huku kwetu mtu akisikia msiba hapigi simu kuuliza kama ni kweli. Utampigiaje mfiwa umwambie, "Eti mama amekufa kweli?" Watu hununua sukari, hubeba kuni, huja. Na kwa kuwa wote walijua Sally amelazwa Nakuru, nani angekuwa na shaka?

Mama Sitati alitoa simu yake. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya Jepkemei akitokwa machozi, amevaa sweta yenye matundu. Chini yake kulikuwa na maneno: Mtoto huyu wa Gilgil amefiwa na mama yake, Sally, muuza maziwa, aliyefariki hospitalini Nakuru baada ya kupasuliwa. Baba aliwatoroka. Tusaidie kumzika. Kisha ikafuata namba ya kutuma mchango. Jina kamili la mama lilikuwepo, na jina la hospitali, hata jina la kanisa lao. Ukurasa ulioweka tangazo hilo ulikuwa Maisha ya Bonde.

Jepkemei alisoma tena kutoka juu. Kila neno kwenye tangazo lile alikuwa ameliandika yeye, isipokuwa kifo, na baba kutoroka.

"Tumechanga, Mama Jepkemei," mama mmoja alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kilio. "Nimetuma nilichokuwa nacho. Sasa picha ni ya mtoto wako, jina ni lako, hospitali ni ile ile. Nani mwingine angejua haya yote kama si nyinyi wenyewe?"

"Mimi nilikuwa kitandani na mrija mkononi," Mama Sally alijibu. "Ningejiua saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Mama yule aliinama, akachukua pakiti yake ya sukari, akaondoka nayo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mama Sitati aliacha kuni mlangoni, lakini naye aliondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata ilikuwa chungu. Mama Sally alirudi kibandani kabla kidonda hakijapona vizuri, akitumaini kwamba watu wakimwona watauliza, naye ataeleza. Hawakuuliza. Makanga walipiga kelele, "Mathe, ulifufuka lini?" Mwalimu mmoja aliyekuwa mteja wake miaka yote alichungulia kikombe kwa muda mrefu, kisha akasema leo hahitaji. Mtu anayedanganya kuhusu kifo chake, waliambizana, atashindwa kutia maji kwenye maziwa? Mitungi ilirudi nyumbani ikiwa nusu. Mama aliyagandisha yaliyobaki yakawa maziwa lala, mpaka vyombo vikaisha.

Shuleni wenzake walimwita Jepkemei "yatima feki". Kinsi pekee ndiye aliyeendelea kuketi naye.

Lakini kilichomuuma Jepkemei zaidi ya kucheka kwao ni Kigen. Alimwandikia kupitia ukurasa ule: "Kwa nini umetufanyia hivi?" Ujumbe haukujibiwa. Alipojaribu tena, akakuta amezuiwa. Kaka yake, aliyemwambia hofu yake kubwa kuliko zote, alikuwa ameichukua hofu hiyo na kuifanyia biashara. Usiku alikosa machozi, mchana yakaja bila kuitwa.

Ilibidi amweleze mama ukweli wote, tangu akaunti na miaka ya uongo hadi yale maswali. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akampigia baba, na sauti ya baba ikasikika chumba kizima.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo akaunti ifungwe leo. Leo hii, Jepkemei."

Jepkemei mwenyewe alitaka hivyo. Alitaka kutoka huko na asionekane tena. Siku iliyofuata alimwendea Mwalimu Okeyo, mwalimu wa darasa lao, amwonyeshe namna ya kuifuta akaunti kabisa. Mwalimu Okeyo alikuwa mtu wa maneno machache na chaki nyingi kwenye koti. Alisoma ujumbe wote kwa ruhusa yake, kisha akamrudishia simu.

"Kufunga ni haki yako," alisema. "Lakini usifunge leo. Ukifuta sasa, haya mazungumzo utayapoteza wewe. Picha yako itabaki kwao. Na haya mazungumzo ndiyo yanaonyesha kwamba mama yako hakujua kitu. Tuyapige picha ya skrini kwanza, yote."

"Mwalimu, watu wayasome? Nimeandika kwamba naogopa mama atakufa."

"Sijasema yasomwe na watu. Nimesema yahifadhiwe. Atakayeyasoma utamchagua wewe."

Jumamosi Kigen alifika Gilgil. Mama Sally alikuwa amempata kupitia shangazi, mama yake Kigen, na hakumwambia anaitiwa nini. Aliingia akitabasamu, mkoba mpya mgongoni.

"Anti, pole na ugonjwa. Jepkemei, niaje?"

Jepkemei hakuitikia salamu. Alimwekea simu mbele yake. Kigen alisoma, na tabasamu likaondoka kidogo kidogo mpaka usoni pakabaki patupu.

"Si mimi," alisema. "Wallahi si mimi. Hiyo peji si yangu tena."

"Ni ya nani?" mama aliuliza.

"Niliiuza mwezi wa pili. Mtu aliniandikia akasema anataka peji yenye watu wengi. Nilihitaji laptopu ya chuo, Anti. Watu wengi huuza. Nilimpa paswadi, akabadilisha, ikaisha."

"Uliuza na picha zote?"

"Huwezi kuzitenganisha kirahisi, Anti. Zilikuwa nyingi."

"Kwa hivyo uliuza na mtoto wangu ndani."

Kigen aliinamisha kichwa. Jepkemei alikuwa akihesabu miezi akilini. Mwezi wa pili ulikuwa umepita zamani. Alimwandikia alipofeli hesabu. Alimwandikia alipogombana na Kinsi. Alimwandikia mama alipolazwa.

"Mimi nilikuwa nikimwandikia nani?" aliuliza.

"Sijui."

"Aliniita dada."

"Hata mimi simjui, Jepkemei. Hatukuwahi kuonana. Nilisahau kukwambia."

Alisahau. Neno hilo lilimchoma kuliko kama angesema alifanya makusudi. Mtu asiyemjua alikuwa ameketi mahali fulani, akasoma "naogopa atakufa", akampa pole, kisha akaamua kwamba mama huyo afe ili watu wachange. Na mlango alioingilia ulifunguliwa na Kigen, aliyeapa kwamba paswadi anayo peke yake. Jepkemei alilia mbele yao wote wawili, kwa sauti, bila kujificha.

Mama hakumpigia Kigen kelele. "Kesho utasimama mbele ya akina mama wa kanisa," alimwambia, "useme ulivyosema hapa."

"Watasema namtetea anti yangu," Kigen alijibu kwa sauti ndogo. Na hilo lilikuwa kweli.

Jepkemei alifuta uso. Alijua kilichobaki. Neno la Kigen peke yake lisingetosha, ila yale maswali yenyewe yangetosha. Ndugu gani angeuliza jina kamili la anti yake mwenyewe? Lakini kuyaonyesha kulimaanisha kuwa mtu mwingine tena atasoma hofu yake. Mama alimwambia hamlazimishi, hata kama mitungi itarudi imejaa mwaka mzima. Jepkemei alifikiri, kisha akachukua simu na kwenda peke yake kwa Mama Sitati.

Mama Sitati alimkaribisha ndani kwa ubaridi. Akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu. Alipofika kwenye maneno "naogopa atakufa", alisimama. Akasoma maswali yaliyofuata, moja baada ya jingine, midomo ikitembea. Kisha akavua miwani na kumrudishia simu kabla hajafika mwisho.

"Yatosha," alisema. "Hayo mengine ni yako. Nilimwacha mama yako mlangoni bila kumuaga, akiwa na kidonda. Hiyo itabidi nimwambie mwenyewe."

Jumapili, baada ya ibada, Kigen alisimama mbele ya akina mama, akaeleza jinsi alivyouza ukurasa. Hakuna aliyemsaidia. Mama Sitati aliposimama, alisema amesoma ushahidi kwa macho yake, na hatasema umeandikwa nini kwa sababu si wake kuusema. Kisha sauti yake ya kupanga watu ikarudi.

"Kila mtu atoe simu. Jepkemei, pita hapa utuonyeshe. Tulichangishwa pamoja, tutaripoti pamoja."

Jepkemei alipita benchi hadi benchi, akiwaonyesha mahali pa kubonyeza ili kuuripoti ukurasa kwa ulaghai. Wengine waliomba kusaidiwa mara mbili. Mama yule aliyeondoka na sukari yake alimpa simu bila kumtazama usoni, kisha akamshika mkono na kuubana. Mwalimu Okeyo naye alimsindikiza Mama Sally kituo cha polisi, na akamsaidia kupeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu.

Siku chache baadaye Maisha ya Bonde haikuonekana tena. Pesa zilizochangwa hazikurudi, na polisi walisema bado wanamtafuta mwenye namba. Mwalimu Okeyo hakumficha Jepkemei kwamba huenda picha ile bado iko kwenye simu za watu ambao hatawahi kuwajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yule mwalimu mteja alirudi kibandani, akanywa kikombe chake hapo hapo mbele ya watu, na jioni ile mitungi ilirudi nyumbani mitupu.

Mama alimwachia Jepkemei uamuzi wa akaunti, na baba akakubali kwa shingo upande. Jepkemei aliuliza maswali mengi kwanza. Nani anaona nikiandika? Nikifuta, kinafutika wapi? Kinsi alisema yeye atabaki mtandaoni, lakini ataondoa asiowafahamu. Jepkemei aliona kwamba akaunti iliyoanza kwa uongo wa miaka mitano haiwezi kuwa yake kweli. Aliifunga Ijumaa, akiwa ameketi karibu na mama, na akajisikia mwepesi na mpweke kwa wakati mmoja.

Kigen alikuja kusaidia kibandani mwisho wa wiki, kama alivyokuwa ameagizwa na Kogo. Alibeba mitungi bila kulalamika. Jua lilipotoka na Mama Sally akawa anacheka na mteja, mkono wa Kigen ukaenda mfukoni kwa mazoea, simu ikainuka. Halafu akakumbuka, akaishusha.

"Jepkemei," alisema. "Naweza kuwapiga picha? Ni ya Kogo tu, aone anti amepona."

"Hapana," Jepkemei alijibu. "Kogo tutamwendea."

Kigen aliangalia chini, uso umemwiva kwa aibu. Mama Sally aliweka kikombe mezani, akawatazama wote wawili.

"Nimekusamehe, Kigen, na yeye atakusamehe akiwa tayari. Usimharakishe. Lakini sikieni nyote. Nikishamimina maziwa kwenye chupa ya mtu, siwezi kuyaita yarudi. Atayanywa, atayamwaga, atampa mwingine, mimi sitajua. Kwa hivyo kabla ya kumimina huwa naangalia chupa ni ya nani. Wewe, Jepkemei, siri yako ni yako hata ukimpa umpendaye, basi angalia unampa nani. Na wewe, Kigen, ukipewa cha mwenzako ukitunze, jua hujapewa uuze. Aliyekuamini hakukuamini kwa sababu ya paswadi. Alikuamini kwa sababu wewe ni kaka yake."

 Kigen alichukua mtungi mtupu, akaanza kuusuuza, na Jepkemei akammiminia maji.